Vaeni Viatu, Wanangu

Wanangu mnaoegesha pikipiki hapa Mtendeni, Tabora, ninyi na wenzenu wa Gongoni, Kanyenye na Ng'ambo, leo nina neno nanyi juu ya ngozi zenu. Habari za vifo mnazisikia kila mara, na trafiki akifika kijiweni huanza na hizo. Mimi naanza na ile ajali mnayoiita ndogo. Tairi limeteleza, umelala ubavu, umeinuka, umekung'uta suruali, abiria umempa pole, pikipiki imewaka. Goti limechunika na kiwiko kimechunika, na jioni mnaulizana nani kaanguka vibaya kuliko mwenzake.

Ngozi ya binadamu ina unene wa milimita chache tu. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao kwenu ni wa kuzugia, unakusogeza mita 11 kila sekunde. Ukianguka kwa mwendo huo hubaki pale ulipoangukia. Unaburuzwa, na lami inakukuna kama mbuzi inavyokuna nazi. Kaptula na kandambili haziongezi hata sekunde moja ya kinga. Nimewaona vijana wenye jaketi zito kifuani kwa sababu ya baridi ya alfajiri ya Juni, na miguuni yeboyebo. Mkianguka, kinachotangulia kusagika ni kifundo cha mguu, vidole, goti na viganja, kwa kuwa kila anayeanguka hunyoosha mikono. Kiganja kilichochunika hakishiki klachi. Hapo biashara imesimama, na tajiri wa pikipiki bado anasubiri hesabu yake.

Kinachonitia uchungu zaidi ni yale mnayoyafanya baada ya kuanguka. Mmoja anamwagia petroli, mwingine maji ya betri, mwingine majivu au dawa ya meno. Wapo wanaopasua kapsuli na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Petroli na maji ya betri vinaunguza nyama iliyobaki hai. Majivu yanaongeza uchafu. Ule unga unaganda juu, na usaha unabaki chini yake. Kidonda cha lami kinataka maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika nyingi, mpaka chembe za mchanga zitoke. Mchanga wetu huu wa Unyamwezi ni laini na unajichimbia. Zilizokataa kutoka kwa maji zifutwe taratibu kwa kitambaa kilichochemshwa, na zikishindikana nenda zahanati siku hiyo hiyo wakuoshe kwa ganzi. Inauma, najua. Lakini chembe iliyoachwa ndani ngozi itaifunika, na utabaki na doa jeusi maisha yako yote. Hiyo ni nafuu yake, maana mara nyingi inaleta usaha.

Na hili la kuacha kidonda kipigwe upepo kikauke, tumelirithi kwa wazazi wetu, nasi tumewarithisha ninyi. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwamba kidonda kilichofunikwa na kubaki na unyevu hufunga ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gamba. Basi paka vaseline safi, funika kwa bandeji safi, badilisha kila siku. Ukiona wekundu unatambaa, harufu, au homa inapanda usiku, usinunue dawa dukani kwa kukisia. Nenda hospitali ya Kitete.

Pepopunda ndiyo inayoninyima usingizi. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, na barabara zetu za pembezoni zinapitwa na ng'ombe kila siku. Sumu yake inakaza taya, kisha shingo, kisha mwili mzima, na huweza kuanza siku tatu baada ya kuumia au hata wiki tatu, kidonda chenyewe umeshakisahau. Dada zenu wanachomwa chanjo hii wanapokuwa wajawazito. Ninyi wengi mlichomwa mkiwa wachanga, ikaishia hapo, na kinga ya utotoni hufifia. Kwa hiyo mwanamume mzima, tena anayeshinda barabarani, ndiye aliye wazi kuliko wote nyumbani kwake.

Sasa tuje kwenye kuanguka kwenyewe. Tabora ina mitego yake, na mgeni haijui. Mchanga unaosombwa kutoka barabara za vumbi unamwagika juu ya lami penye njia panda, na ukikata kona hapo kwa kuinamisha pikipiki umekwisha. Mvua za kwanza za Novemba zinakuta lami ina vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi, na utelezi wa siku hizo ni mbaya kuliko wa Februari. Majira hayo hayo maembe yanaanguka, na chini ya miembe mikubwa barabara inajaa maganda na maembe yaliyopondwa na magari. Mnacheka? Piteni hapo na breki ya ghafla, mtaona. Breki yenyewe wengi hamkufundishwa. Mnaogopa ya mbele kwa sababu mmesikia inapindua, mnakanyaga ya nyuma peke yake, tairi linajifunga na pikipiki inakwenda mrama. Kwenye lami kavu nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele. Bana taratibu ukiongeza, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa wima. Kwenye mchanga legeza ya mbele, punguza mwendo kabla ya kuufikia. Pale chuo cha VETA wapo walimu wa kulifundisha hili vizuri kuliko rafiki yako wa kijiweni.

Mji huu umejengwa na watu wa barabara. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton na wenzake walipofika hapa, wakati huo ikiitwa Kazeh, Novemba 1857, walikuwa safarini tangu pwani kwa siku 134. Wapagazi wa Kinyamwezi, babu zetu, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa njia hiyo, na mbele yao alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara. Mwendo ulikuwa wake, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Watu wale hawakuwa wavivu wala waoga. Waliijua barabara, na waliokuwa na haraka hawakuachiwa kuamua mwendo wa msafara. Leo anayeamua mwendo wenu ni hesabu ya jioni. Ninyi matajiri wa pikipiki, nawaomba kwa heshima: kijana akiumia, msimdai fedha za siku alizolala kitandani. Mkimbana hivyo, atarudi barabarani na kiganja kibichi, na atamwangusha mama wa mtu.

Kofia ngumu mnazo, lakini nyingi zinaning'inia kwenye usukani. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki, akafa kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuliacha jambo lile. Alichunguza majeraha ya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba kofia inaokoa. Tafiti zilizokusanywa baadaye zinasema kofia inapunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Isiyofungwa mkanda inaweza kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Na abiria naye ana kichwa. Mishikaki ya watu watatu, na mtoto kukalishwa juu ya tenki, hayo kataeni hata mkiongezewa nauli. Abiria akisema mwenzako amekubali, mwacheni aende naye.

Mwenzenu akianguka vibaya, msimnyanyue kwa makwapa na kumbana katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Kama shingo au mgongo umevunjika, safari hiyo inaweza kumlemaza moja kwa moja. Zuieni magari, mwacheni alale kama alivyo, bonyezeni panapotoka damu kwa kitambaa, tafuteni gari ambalo atalala chali kwenye ubao.

Mkimaliza kusoma, kila mmoja ajiulize alichomwa lini mara ya mwisho chanjo ya pepopunda. Asiyekumbuka apite zahanati kesho asubuhi kabla ya kuja kijiweni, na apite akiwa amevaa viatu.