Asemaye "Ni Nzuri" Ni Shahidi

Katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Umoja na Kayole, watu wakishatazama senema hupenda kuihukumu. Mmoja husema, "Ni nzuri, naipa tisa kwa kumi." Mwenziwe hujibu, "Haifai, mimi siipi hata nne." Maneno haya huonekana mepesi, ya kupitisha wakati. Lakini kwa maneno hayo mtu hutoa fedha yake, na mzazi humruhusu mwanawe. Basi yafaa tuulize: je, mtazamaji ana dhima kwa neno alisemalo, au ladha haina hisabu?

Wako wasemao kwamba ladha haina mashindano: huyu apenda pilau, yule apenda wali wa nazi, wala hapana mwongo kati yao. Neno hili ni kweli kwa nusu yake. Asemaye "nimeipenda" ametoa habari ya nafsi yake, na hapana awezaye kumkanusha. Lakini asemaye "ni nzuri, katazameni" ametoka katika nafsi yake. Ametoa habari ya kitu, na ushauri juu yake. Huyo amekuwa shahidi, na shahidi hutakiwa mambo matatu.

La kwanza, awe ameona. Mwezi wa Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, isimuliayo mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo kwa siku saba tu. Katika miezi ile, wangapi waliilaani na wangapi waliisifu hali hawajaiona! Hukumu ya dini katika jambo lile lenyewe twaijua, wala hatuibadili. Lakini mwenye kulichukia ana njia ya haki ya kusema: "Nimeambiwa yaliyomo, nami siyaridhii." Akisema "imetengenezwa vibaya", naye hakuiona, ametoa ushahidi wa uongo, hata kama makusudio yake ni mema. Na aliyeisifu bila kuiona ni mwenziwe katika kosa.

La pili, ajue alichokiona. Katika vibanda vya video wengi hutazama filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zilizotiwa sauti ya DJ Afro, asimuliaye kwa Kiswahili na lugha ya mtaani, na kuongeza mizaha yake. Aliyecheka mpaka akatokwa na machozi, je, asifu filamu au asifu msimulizi? Tena wako wachanganyao alama za Bodi na ubora wa kazi. Alama ya GE maana yake ni kwamba watu wa kila umri waruhusiwa kutazama, na ya 18 ni ya watu wazima. Hazisemi kwamba kazi ni njema au mbovu.

La tatu, ataje sababu. Katika Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, kijana atoka shamba kutafuta uigizaji mjini, akaingia katika genge la wezi. Mtazamaji mmoja aweza kusema kwamba yafundisha wizi, mwingine kwamba yaonya. Wakitoa nambari tu, mbili na tisa, msikizaji hapati kitu. Wakitaja sababu, mzazi aweza kupima: mwanangu huyu ataonyeka, au ataiga? Wanavyuoni wengi wa hadithi hawakutosheka kuambiwa "mpokezi fulani ni dhaifu". Walitaka udhaifu wake uelezwe, kwani yumkini aliyemtia ila amemtia kwa jambo lisilokuwa ila.

Mtu atasema, "Huku ni kuwatwika watu mzigo katika furaha yao." La, mzigo ni kwa kadiri ya neno. Atakaye wepesi na aseme "nimeipenda" anyamaze. Hapo hadaiwi kitu. Atakaye wenziwe wamfuate, na awape cha kufuatia.

Wala msikizaji naye hakusalimika. Za kuambiwa, changanya na zako. Ukiambiwa "tisa kwa kumi", muulize mwenzio: umeiona mwenyewe? Umeiona vipi? Na kwa nini tisa? Akishindwa kujibu, usimtukane. Lakini usimpeleke mwanao kwa neno lake.