Deni la Wimbo wa Kuazima

Mtu akiuchukua wimbo wa mwenziwe akaupiga kwa ala nyengine, anadaiwa nini? Na ikiwa mwenye wimbo ameshatangulia mbele ya haki, deni hilo hulipwa nani?

Swali hili hunirudia kila nimsikilizapo Fazıl Say, mpiga piano na mtunzi wa Kituruki aliyezaliwa Ankara mwaka 1970, ambaye tangu ujanani amekuwa akivuka mpaka baina ya muziki wa klasiki na jazi. Mwaka 1993 aliichukua ile sehemu mashuhuri ya sonata ya Mozart, iliyotungwa kwa mtindo wa Kituruki, akaigeuza jazi. Itazame safari hiyo: katika miaka ya 1780 Mozart aliazima mshindo wa ngoma za askari wa Kituruki, baada ya karne mbili Mturuki akaudai mkopo huo, akauvika mdundo uliozaliwa na Waamerika Weusi. Nani amdai nani hapo? Huo ni utani, na watani hawadaiani.

Jambo zito ni “Kara Toprak”, yaani Ardhi Nyeusi, aliyoitunga mwaka 1997. Chanzo chake ni wimbo wa Aşık Veysel, malenga wa kijiji cha Sivrialan, mkoani Sivas, aliyepofuka utotoni na kufariki mwaka 1973. Aşık ni lakabu ya malenga wa Anatolia, neno la shina moja na ashiki yetu. Veysel aliimba kwa saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Na katika wimbo huo anaiona ardhi kuwa ndiye mpenzi wake mwaminifu.

Say angeweza kuuketisha wimbo huo kitako juu ya piano, ukawa mzuri na mpole. Hakufanya hivyo. Mkono wa kushoto anauingiza ndani ya piano, anazibana nyuzi zisivume, na wa kulia unaendelea kupiga. Sauti itokayo ni kavu, karibu na ya saz. Piano, fahari ya kumbi za Ulaya, inajinyima mvumo wake ili mgeni asikike.

Hapo ndipo nionapo malipo. Kumtaja mwenye wimbo ni wajibu, ila ni adabu ya mlangoni tu. Mkopaji huanza kulipa pale anapokubali chombo chake mwenyewe kibadilike.

Nayaandika haya kwa kujishitaki. Niliwahi kutafsiri shairi la kigeni lenye mishororo iliyokatikakatika kama pumzi za mtu anayelia, nikalinyoosha kwa mizani kumi na sita, na vina vya kati na vya mwisho. Wasomaji walilisifu, na sifa zao zikanichoma. Nilikuwa nimemkaribisha mgeni, nikamvika kanzu yangu, kisha nikawaonyesha watu kanzu.

Yuko atakayesema kwamba Veysel hakuulizwa, na makofi ya ukumbini humwendea aliye hai. Ni kweli. Mkono ule ndani ya piano haulifuti deni. Unalikiri mbele ya watu, kila wimbo upigwapo. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Shairi lile nimelitoa tena sandukuni. Safari hii itakayovunjika ni mizani yangu.