Hoja Imefungwa

Kuna neno katika taarifa za serikali yetu ambalo nimelisoma mara nyingi mpaka limeanza kunikera: rafiki. Jengo jipya lina "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu". Vyoo ni rafiki. Mazingira ya kujifunzia ni rafiki. Ukisoma haraka unaridhika, maana nani anachukia urafiki? Lakini rafiki hukutendea jambo kwa kupenda kwake. Akikutendea unashukuru, asipokutendea huna pa kumshtaki. Sijawahi kusikia mtu akisema benki imemfanyia urafiki kwa kumpa fedha alizoziweka mwenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu uwajibikaji katika serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba jioni zangu nyingi zinaishia kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule ambaye Watanzania wote tunamwita CAG. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka akague hesabu kila mwaka na kumkabidhi Rais ripoti, nayo iende bungeni, ambako za halmashauri zina kamati yake. Ripoti hizi zina lugha yake tamu. Halmashauri hupata hati safi au hati yenye mashaka. Palipo na kasoro mkaguzi huibua hoja, halmashauri huijibu kwa vielelezo, na mkaguzi akiridhika hoja hufungwa.

Swali linalonisumbua ni dogo: nani ana haki ya kuifunga?

Nina mama mdogo anayeuza vitenge katika soko moja ambalo sitalitaja, kwenye mji ambao pia sitautaja. Anatumia kiti mwendo. Soko la zamani lilikuwa la mabati na matope, na kila mvua ilipomwagika alibebwa mgongoni na vijana wa mizigo. Likabomolewa, likajengwa la ghorofa kwa fedha za umma, wenye vizimba wa zamani wakaorodheshwa na kurudishwa. Wauza nguo wakapangiwa juu. Juu kunafikiwa kwa ngazi.

Mlangoni, hata hivyo, ipo njia ya mteremko. Hii ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi zaidi kuliko zile ngazi za ghorofani. Baraza la soko limeinuka sentimita 45 kutoka chini. Kanuni inayotumiwa na wasanifu majengo sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za urefu, vinginevyo mwenye kiti mwendo hawezi kujisukuma mwenyewe, na akishuka anaweza kupinduka. Piga hesabu: mita 5 na sentimita 40. Niliazima tepu ya fundi nikaipima ile ya soko. Mita 1 na sentimita 60. Ni paa la nyumba lililolazwa mlangoni. Mama mdogo alicheka nilipomsomea kipimo. "Hiyo wamewawekea wenye mikokoteni, mwanangu, na wenyewe wanaiogopa."

Sasa fikiria mkaguzi anakuja na orodha yake. Je, njia ya watu wenye ulemavu ipo? Ipo. Picha? Hii hapa. Saruji iliyonunuliwa inalingana na stakabadhi? Inalingana. Hakuna aliyeiba. Inawezekana kabisa kwamba kila shilingi ilikwenda ilikoandikwa, na ndiyo maana mfano huu naupenda kuliko ile mikubwa ya wizi. Wizi hauna fumbo la kimaadili, mwizi ni mwizi. Hapa kuna kitu kigumu zaidi: hesabu iliyo sahihi tarakimu kwa tarakimu, inayoelekezwa kwa mtu asiye sahihi.

Hati safi inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi, wala haikukusudiwa kusema, kwamba aliyejengewa anaweza kuingia. Ni kweli ofisi ya CAG hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, unaouliza kama fedha zilileta kilichokusudiwa. Lakini katika maisha ya kawaida ya halmashauri, kinachopigiwa makofi ni ile hati. Nchi hii inajua uzito wa neno moja kwenye mambo ya ukaguzi: mwaka 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kutumia neno "udhaifu" kuhusu Bunge. Neno "rafiki" halijamletea mtu yeyote azimio.

Kiswahili chenyewe kina maarifa hapa. Kutoa hesabu si sawa na kupiga hesabu. Kupiga hesabu unaweza ukiwa peke yako chumbani. Kutoa hesabu kunahitaji mtu wa pili anayepokea, mwenye uwezo wa kusema sijaridhika. Na tuna kuwajibika, neno ambalo kwenye siasa zetu limekuja kumaanisha kujiuzulu. Mfano tunaofundishwa ni Ali Hassan Mwinyi, aliyeachia uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, ingawa si yeye aliyewagusa. Tunaupenda mfano ule kwa sababu ni wa kishujaa, na nahofu umetuharibia kipimo kidogo. Tumezoea kudhani uwajibikaji ni tukio kubwa la mtu mkubwa. Ofisa anayemwambia mama mdogo "changamoto yako tumeichukua, mama, tutaifanyia kazi" hajioni kabisa ndani ya hadithi ile. Hakuna aliyekufa. Ni mteremko tu.

Tena fedha zenyewe ni za nani? Miji yetu inaboreshwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo. Mradi wa DMDP, uliojenga barabara na mifereji Ilala, Kinondoni na Temeke, ulianza na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300. Mkopo hulipwa na kodi, na kodi haichagui miguu. Mama mdogo anaikatwa kwenye vocha ya simu, kwenye sukari, kwenye sabuni. Yeye ni mmoja wa wadaiwa wa miradi ya nchi hii. Kwa hiyo mtu anapomwambia kwamba jengo limekuwa rafiki kwake, ni sawa na kumzawadia mtu kuku wa bandani kwake.

Halafu kuna asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, naliunga mkono. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 baada ya CAG kuonyesha jinsi ilivyokuwa ikitolewa hovyo, hata kwa vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mjadala wote ulikuwa juu ya asilimia zile 2 na wenzake, zimekwenda wapi, zirudishwe vipi. Hakuna niliyemsikia akiuliza kuhusu fedha nyingine zote. Tunamkopesha mtu mtaji wa biashara, kisha tunamjengea soko asiloweza kupanda.

Rafiki yangu mmoja, anayesoma uchumi, ananipinga. Anasema mkurugenzi wa halmashauri ana dawa zilizokwisha, madawati yaliyovunjika na daraja lililosombwa, nami nataka mita nne za zege. Hoja yake naiheshimu. Kama tungekuwa tunazungumzia kubomoa majengo yote ya zamani kesho, ningemkubalia. Lakini hili ni jengo jipya. Mteremko unaochorwa mapema ni mstari kwenye karatasi, na kuwapangia wauza nguo wachache chini ni uamuzi wa kalamu tu. Halafu uhaba ungekuwa hoja ya haki kama ungezunguka, leo kwangu kesho kwako. Uhaba wetu una mazoea: kila ukija unampata yule yule.

Wala si kwamba hatuwezi. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, vituo vilijengwa sakafu yake ilingane na sakafu ya basi. Nimelalamika sana kuhusu mwendokasi, foleni zake na joto lake, kama kila mkazi wa Dar es Salaam. Ila pale kwenye mlango nimewaona wanapita kikongwe mwenye mkongojo, mama mwenye pacha na kijana mwenye magunzo, na hakuna aliyesema asante kwa mtu. Kilichowapitisha ni kipimo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia mwaka mmoja kabla yake. Kwa hiyo sidhani tunahitaji sheria nyingine. Ninachotaka kwenye tasnifu yangu, na msimamizi wangu ananiambia nipunguze hamasa, ni kitu kidogo cha kiutaratibu: hoja inayohusu kufikika kwa jengo isifungwe bila saini ya mtu anayetumia kiti mwendo, au fimbo nyeupe, aliyeingia na kutoka mwenyewe. Saini hiyo ikae kwenye faili pamoja na stakabadhi za saruji.

Mama mdogo aliandika barua mbili. Majibu ya ya pili yalikuja, na kwa mshangao wangu yalikuwa ya adabu na marefu. Yalisema suala lake lilishawasilishwa na kufungwa. Sasa anauzia nje, chini ya mwavuli, upande wa barabara, na kizimba cha juu amemwachia binti yake. Ushuru wanatozwa mara mbili.