TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Njaa ya tumbo na njaa ya moyo



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Mwaka jana kwenye futari ya msikitini nilimtania ndugu yetu mmoja mnene: "Sheikh, tuachie na sisi tambi!" Watu wakacheka, naye akacheka. Baada ya tarawehe akanivuta pembeni: "Ustadh, tangu mama afariki, usiku nakula mpaka naumwa. Wala sina njaa."

Niliona aibu, nikamuomba msamaha.

Tunadhani kila mnene ni mlafi. Siyo. Wapo wanaokula kwa huzuni, upweke au mawazo ya madeni. Chakula kinatuliza kidogo, kisha inakuja aibu, na aibu inamrudisha kwenye sufuria. Tukimcheka, tunamuongezea.

Dini yetu inalijua hili. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akipikisha talbina, uji wa shayiri, kwa wafiwa, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema unapunguza huzuni. Lakini ni uji tu, na wafiwa waliunywa wakiwa na jamaa zao, si peke yao gizani.

Usiku wa leo, ukirudi jikoni na umeshashiba, jiulize: ni tumbo au ni moyo? Kama ni moyo, swali rakaa mbili, mpigie simu unayemuamini. Ikikuzidi, muone daktari. Kutafuta tiba ni sunna. Nasi tulio naye kwenye sinia tuache utani, tumuulize hali.

Allah atulize nyoyo zetu. Amin.