Je, Jeraha la Mtu Lina Bei?



Jambo hili hutokea mara nyingi katika vijiji vyetu. Mwendesha pikipiki amemgonga mkulima njiani, mguu umevunjika. Wazee wanakutana, wanasikiliza pande mbili, kisha wanakata neno: mbuzi wawili na fedha kidogo. Mwenye pikipiki analipa, anakung'uta mikono, anasema: «Nimekwisha lipa, sina neno naye tena.» Nao jamaa za mkulima wananung'unika: «Ameuza mguu wake kwa mbuzi wawili.» Maneno hayo mawili yanafanana kuliko tunavyodhani. Yule anafikiri amenunua kitu, na hawa wanafikiri kitu kimeuzwa. Basi tuulize: fidia ni nini hasa? Je, ni bei ya mguu?

Hapana. Bei hutaka mtu anayeuza kwa hiari yake. Mwenye kuku akiona bei haifai, huondoka sokoni na kuku wake. Lakini mkulima yule hakuulizwa njiani kama anataka kuuza mguu, wala asingalikubali hata kwa ng'ombe mia. Kwa hiyo fedha inayokuja nyuma ya jeraha si bei, bali ni malipo ya deni. Mtu amemwondolea mwenziwe kitu, naye amepaswa kukirudisha. Shida ni kwamba kitu chenyewe hakirudishiki.

Watu wa kale waliijua shida hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria juu ya watu wawili waliogombana, mmoja akampiga mwenziwe kwa jiwe au kwa ngumi. Kama aliyepigwa hakufa, ila alilala kitandani, kisha akainuka na kutembea nje kwa fimbo, mpigaji hatahesabiwa kuwa mwuaji. Lakini atalipa siku zote alizopoteza mwenziwe, na atamgharimia mpaka apone kabisa. Angalieni vizuri: siku na dawa. Sheria haikusema «mpe mbuzi, yaishe.» Ilitaka watu waketi na kuhesabu.

Walimu wa Wayahudi waliendelea mbele. Katika mkusanyo wao wa sheria uitwao Mishna, uliotimizwa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, walitaja mambo matano ambayo mjeruhi hudaiwa: upungufu wa mwili, maumivu, matibabu, siku bila kazi, na aibu. Ule upungufu walikuwa wakiukadiria kana kwamba mtu angaliuzwa sokoni kama mtumwa, wakatazama bei yake imeshuka kiasi gani. Kipimo hicho kinachukiza, nasi tusikirudie. Lakini orodha yenyewe ni ya busara, na wazee wa baraza wangefanya vema kuishika kichwani. Kwa maana jeraha moja si hasara moja. Mshonaji akikatwa kidole cha kushikia sindano, amepoteza kazi yake. Mwimbaji akipoteza kidole hicho hicho, ataimba kesho. Mkulima akivunjika mguu wakati wa kupanda, hakupoteza miezi miwili tu, amepoteza mavuno, na watoto wake watalala njaa baada ya mfupa kuunga. Na aibu je? Mwulizeni msichana mwenye kovu la moto usoni kama kovu hilo haliumi kwa kuwa limekauka.

Pengine mtu atasema: «Dawa na siku, sawa, zinahesabika. Lakini maumivu na aibu, nani atazihesabu? Afadhali tusijaribu.» Neno hili lilijibiwa katika karne ya 13 na Mtakatifu Toma wa Akwino. Alifundisha kwamba mahali ambapo haiwezekani kurudisha kilicho sawasawa, yatosha kurudisha kinachowezekana. Akatoa mfano wa mtu aliyemkata mwenziwe kiungo: huyo amepaswa kumfidia kwa fedha au kwa heshima, kwa kutazama hali ya watu wote wawili, kama atakavyoamua mtu mwema. Hakusema kwamba, kwa kuwa mkono haurudi, basi deni limekufa. Tena alitaja heshima kando ya fedha. Pengine aliyejeruhiwa hungoja zaidi ya fedha: angoja kusikia mbele ya watu wote kwamba alidhulumiwa, na kwamba si yeye mwenye kosa.

Jambo hili lilipimwa mbele ya mataifa kwa ajili ya kijiji kimoja cha nchi yetu. Tarehe 24 Februari 2003, watu wenye silaha walishambulia Bogoro, katika Ituri, kusini ya Bunia. Waliua raia, walichoma nyumba, walinyang'anya mali. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko La Haye, ilimhukumu Germain Katanga kifungo cha miaka 12 kwa kuwa alisaidia maovu hayo yatendeke. Tarehe 24 Machi 2017 waamuzi wakakata juu ya fidia. Walikadiria hasara ya watu 297 kuwa dola 3.752.620, wakaona deni linalompasa Katanga mwenyewe ni dola milioni 1. Naye hakuwa na kitu. Kwa hiyo waliuomba Mfuko wa Wahanga wa Mahakama hiyo ulipe. Kila mmoja wa wale 297 alikatiwa dola 250, na juu yake misaada ya wote pamoja: nyumba, masomo, kazi za kuleta mapato, na matunzo ya mioyo iliyovunjika.

Dola 250! Kama hiyo ni bei ya mama aliyeuawa, ni tusi. Lakini waamuzi wenyewe walisema kuwa ni alama tu. Waliandika kwa ajili ya kila mmoja kwamba ameumizwa kweli, na kwamba anadai haki, haombi sadaka. Mimi naona walifanya vema kutoishia kwenye alama, maana alama haiezeki nyumba. Nasikitika kwa jambo jingine: tangu shambulio hata hukumu ya fidia ilipita miaka 14, na mzee aliyekuwa na miaka 60 siku ile alikuwa na 74, kama alikuwa hai bado.

Turudi kwa mkulima wetu. Sheria ya nchi iko upande wake. Tangu amri ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, kila amtendaye mwenziwe hasara kwa kosa lake amepaswa kuitengeneza. Na tangu mwaka 1973 chombo cha moto chapaswa kuwa na bima, au asiransi kama wengi wasemavyo, kusudi mjeruhiwa asikose malipo kwa umaskini wa dereva. Wala si vibaya kupatana nje ya tribinali. Mapatano ya haki huokoa siku na nauli, na jirani hubaki jirani. Lakini jihadharini na karatasi! Mtu analetewa karatasi siku ya tatu, angali amelala hospitalini, anaambiwa: «Tia kidole hapa, upokee fedha, maneno yaishe.» Hajui bado kama mfupa utaunga vizuri au utapinda. Na sheria huyashika mapatano ya namna hiyo kama hukumu ya mwisho. Mguu ukipinda baada ya miezi sita, hana pa kurudi. Kwanza daktari aseme jeraha litaishia wapi. Halafu mtu asomewe karatasi neno kwa neno, na mtu asiyekula pamoja na yule anayelipa.

Tena fedha ni ya nani? Pengine wajomba hugawana mbuzi, wakanywa pombe, na aliyelala na banzi mguuni hapati hata sabuni. Huo ni wizi. Na ubaya hupita kiasi pale msichana anaponajisiwa, na jamaa zake wanapokea mbuzi ili wanyamaze. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inakataza kuizima kesi ya namna hiyo kwa kutoza faini ya mapatano. Jeraha ni lake yeye; baba mwenyewe hana ruhusa ya kulipatania.

Wengine humwambia mjeruhiwa: «Yaliyopita si ndwele, samehe tu.» Methali ni nzuri, lakini kwa mwenye mguu uliopinda yaliyopita ndiyo ndwele hasa, naye huamka nayo kila asubuhi. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Mtu aweza kusamehe leo na kudai siku zake kesho bila dhambi yoyote. Na anayelipa ajue kwamba fedha yake imelipa dawa na mavuno, haikununua msamaha. Huo hutolewa bure, au haujatolewa.

Mtauliza: na mwenye kosa akiwa maskini, hana pikipiki wala mbuzi? Basi ana mikono. Na aje alime shamba la mwenziwe majira haya, na majira yajayo, kadiri wazee walivyopima siku zilizopotea. Akiwa mgonjwa, atangoja mpaka apone. Siku zikiwa bado, hakuna wa kumfungua ila yule yule aliyevunjika mguu, akitaka mwenyewe kusema: yatosha.