Taa Yetu, Usiku wa Jirani

Nguo zetu zilipoibwa kwenye kamba, Mama alinikabidhi kazi ya taa za uani. "Si wewe uko tu?" Niliacha chuo mwaka wa pili, naandika makala za kulipwa kwa neno, kwake hiyo ni kukaa. Nikachora boma nyuma ya bahasha: geti, tangi, kamba ya nguo. Fundi wa stima akafunga taa mbili za LED za wati 30, zenye alama ya IP65, yaani vumbi na mvua ya Rongai haziingii. Tulipowasha, uani ukawa kama uwanja wa mpira.

Siku ya tatu mzee wa ploti ya pili akabisha. Hakuja na ugomvi. "Kijana wangu, chumbani kwangu siku hizi hakuna usiku."

Nilikuwa nimepima kila kitu ila pale mwanga unapoishia. Taa ni zetu, tokeni ni zetu, lakini giza alilokuwa akilalia lilikuwa la nani? Hakuna anayenunua giza, kwa hivyo hatufikirii kuwa linaweza kuibwa.

Nikapanda ngazi, nikazielekeza chini. Usiku huo nikaona wasichana wawili waliotoka steji wakipita mbio, simu zikimulika mawe. Kumbe siku hizo tatu walikuwa wakitumia mwanga wetu. Anayeumizwa na taa huja kulalamika. Anayesaidiwa hupita tu, wala hakuna atakayebisha geti la watu kuomba waendelee kuwasha. Mimi nilikuwa nimemsikiliza aliyebisha peke yake.

Ningeweka ya sensa, lakini hiyo humrukia mpita njia usoni kama askari. Si bure zile taa ndefu za mitaani tunaziita mulika mwizi: kila anayepita chini yake anaanza akiwa mshukiwa.

Mwishowe niliongeza balbu ya manjano ya wati 9 nje ya geti, juu yake kikofia cha bati, inayotazama njia tu. Mama akauliza tokeni za barabara analipa nani. Swali halali, taa za barabara ni kazi ya kaunti. Nikampigia hesabu: saa 12 kila usiku, mwezi mzima ni uniti 3 na kidogo.

"Uniti ni uniti."

Nalipa mimi. Siku zingine anaizima akienda kulala, nami nasubiri akorome, natoka na slipas kuiwasha tena.