Ipeni Iringa Siku Zake

Wiki hii mpwa wangu alituma ratiba ya likizo ya Desemba kwenye kundi la familia. Siku ya kwanza, kuondoka Dar es Salaam saa kumi alfajiri, kuona tembo Mikumi, kulala Iringa. Ya pili, Hifadhi ya Ruaha, kwenda na kurudi. Ya tatu, Isimila kisha Mbeya. Ya nne, Ziwa Ngosi asubuhi, Matema jioni. Ya tano, kurudi Dar moja kwa moja. Watoto watatu kiti cha nyuma, dereva mmoja. Ndugu wakammwagia makopakopa na dua za safari njema. Mimi ratiba ile imenikaa rohoni mpaka leo.

Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Ukipiga hesabu ya kilomita 100 kwa saa, unafika kabla ya chakula cha mchana. Lakini barabara ina hesabu zake. Kila kijiji kina kibao cha 50. Ndani ya Mikumi unakata kama kilomita 50 za hifadhi, mwendo usizidi 70, na twiga akiamua kuvuka utamsubiri. Ukishapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na ndoo za vitunguu zilizopangwa kando ya lami, unaanza kupanda Kitonga. Pale malori yaliyobeba shehena ya Zambia yanajikokota kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki za yanayoteremka zinanuka, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Nyuma ya lori la namna hiyo huna la kufanya ila kusubiri. Mwenye ratiba iliyobana hasubiri. Yeye hujaribu kulipita kwenye kona. Hapo ndipo ninapoogopa.

Najua nitakavyojibiwa. "Mjomba, likizo ni fupi, mafuta ghali, na nani anajua kama tutarudi tena huko? Bora tuone vyote kwa mkupuo." Hoja ya mafuta naiheshimu, ila kwangu inageuka kuwa sababu ya kukaa. Aliyelipia mafuta mpaka Iringa, akalala saa chache na kuondoka, amenunua lami tu.

Na Iringa ina mengi. Kabla hujaingia mjini unapita Lugalo, mahali ambapo Agosti 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Kuna mnara wa kumbukumbu, na wenye haraka hawauoni. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa mwenyewe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mtoto anayesoma habari hizi darasani akisimama mbele ya fuvu lile atakuwa na maswali, na maswali ya mtoto yanataka mzazi asiyetazama saa. Isimila kuna nguzo za mchanga zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Jioni mnapanda mwamba wa Gangilonga, mji wote uko chini yenu, na baridi inaanza kuingia kwenye sweta.

Tunawafundisha watoto kwamba haraka haraka haina baraka, kisha tunawapakia garini wakiwa na usingizi na kuwafokea kila wakiomba kuchimba dawa. Wanachojifunza ni kile wanachoona. Dereva naye yuko likizoni. Ana haki ya kushuka, kunywa chai, kusalimiana na muuza vitunguu na kuuliza habari za mvua.

Ushauri wangu kwa mpwa wangu ni huu: usiku wa kwanza laleni Morogoro au Mikumi, mpande Kitonga asubuhi mkiwa na nguvu. Siku zinazobaki ziwe za Iringa, na moja iachwe bila mpango wowote. Mkitaka Ruaha, laleni huko huko, kwa sababu hifadhi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na wanyama huonekana vizuri alfajiri na jioni, saa ambazo mgeni wa kwenda na kurudi yuko njiani. Ngosi na Matema ziwe za mwaka mwingine. Hazitakimbia; hata maua ya Hifadhi ya Kitulo huchanua kila msimu wa mvua.

Nchi hii ni kubwa mno kumalizwa kwa likizo moja, na hakuna aliyetuagiza tuimalize.